Umetoka hospitalini, lakini hujapona: Siku arubaini za aliyepasuliwa tumbo

Hebu fikiria, msomaji, gari linasimama Kutulo alasiri, limejaa vumbi la njia ya kutoka Wajir kupitia Tarbaj. Mlango unafunguliwa na mama anateremka polepole, mkono mmoja tumboni. Mtoto amebebwa na nyanyake. Wanawake wanapiga vigelegele, mbuzi anachinjwa, na kila jirani anayefika anasema Alhamdulillahi. Siku kumi baadaye mama huyo huyo ameinama penye maji akiinua mtungi wa lita 20, kwa sababu kidonda chake kimefunga kwa nje na watu wa nyumbani wameamua kuwa amepona. Siku chache tena, nguo yake inalowa usaha. Safari ile ile ya vumbi inaanza upya, mara hii ikiwa ni ya kurudi hospitali, na hakuna anayepiga vigelegele.

Mambo kama haya huwapata wengi waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na si wanawake waliojifungua kwa upasuaji peke yao. Huwapata pia walioondolewa kidole tumbo, waliofanyiwa upasuaji wa ngiri, na hata wale waliokwenda Nairobi au ng'ambo kupunguzwa tumbo kwa ajili ya urembo. Upasuaji unaweza kuwa tofauti, lakini ukuta wa tumbo uliokatwa ni ule ule, na njia ya kupona ni karibu moja.

Jambo kuu tunalotaka ulikumbuke katika makala ya leo ni hili: daktari hushona, lakini nyumba ndiyo huponya. Na nyumba si mgonjwa peke yake. Ni mume, mama mkwe, dada, watoto wakubwa na majirani. Iwapo hawa hawajui la kufanya, kazi nzuri ya daktari inaweza kuharibika kwa siku moja.

Kwa mtu wa Kutulo, hapo mpakani mwa Wajir na Mandera, jambo hili lina uzito wa pekee. Makadirio yaliyotokana na sensa ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na Wajir 1,683. Tangu wakati huo mengi yamefanywa, lakini umbali haujapungua. Mtu wa mjini akiona kidonda kimekuwa chekundu huabiri matatu na kufika hospitali kabla ya chai kupoa. Wewe unahitaji gari, mafuta, pesa na mchana. Kwa hiyo ni lazima uione hatari mapema zaidi kuliko mtu wa mjini, na uizuie kabla haijaanza.

NI NINI KILICHOKATWA?

Watu wengi hudhani kuwa upasuaji ni ule mstari unaoonekana kwenye ngozi. La hasha. Chini ya ngozi kuna mafuta. Chini ya mafuta kuna utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo. Kisha kuna utando mwororo unaofunika matumbo. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, baada ya hayo yote kuna mji wa mimba wenyewe, ambao nao umekatwa na kushonwa.

Ngozi ndiyo hufunga haraka. Kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili utaona imeshikana. Lakini ule utando mgumu wa ndani, ambao ndio kamba inayoshikilia tumbo lako lote, huendelea kujijenga kwa wiki nyingi. Hata baada ya miezi mitatu, mahali palipokatwa huwa pamerudisha takriban asilimia 80 tu ya nguvu za awali, na huenda pasirudishe zote maishani. Ndiyo sababu madaktari wengi husema wiki sita bila kubeba mizigo. Hawakisii wala hawambembelezi mgonjwa. Wanaihesabia kamba ya ndani muda wake.

Ukiulegeza mshono huo wa ndani kwa kuinua mzigo, matokeo yake huenda yasionekane leo. Yanaweza kutokea baada ya miezi, pale utakapoona uvimbe ukichomoza kwenye kovu kila unapokohoa. Hiyo ni ngiri ya mahali pa mshono, na dawa yake mara nyingi ni upasuaji mwingine.

KABLA HUJATOKA WODINI

Usikubali kuondoka hospitalini, iwe ni Wajir, Mandera au Garissa, kabla hujapata majibu ya maswali haya matano. Mwombe muuguzi ayaandike kwenye karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwa kuwa maneno husahaulika njiani:

1. Nimefanyiwa upasuaji gani, na kwa sababu gani?
2. Nyuzi zangu zinayeyuka zenyewe au ni za kutolewa? Kama ni za kutolewa, ni siku gani, na je, kituo cha afya cha karibu na kwetu kinaweza kuzitoa?
3. Dawa zipi, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?
4. Kidonda kifunuliwe lini, na kinaweza kulowa maji kuanzia lini?
5. Nikiona hatari, nipige simu wapi na niende wapi?

Karatasi hiyo itunze kama unavyotunza kitambulisho. Mhudumu mwingine atakayekuona usiku wa manane hatakuwa na habari nyingine isipokuwa hiyo.

Kisha kuna safari yenyewe. Usipande nyuma ya lori juu ya magunia. Omba kiti cha mbele, au kiti ambacho unaweza kuegemea. Weka mto au shuka iliyokunjwa kati ya tumbo na mkanda wa gari, na gari likipita kwenye mashimo ukandamize mto huo kwa mikono yote miwili. Mwambie dereva asimame kila baada ya saa moja hivi ili ushuke utembee hatua chache. Hili si jambo la starehe. Kukaa muda mrefu miguu ikiwa imekunjwa, katika wiki za kwanza baada ya upasuaji au uzazi, huweza kuifanya damu igande kwenye mshipa wa mguu. Donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua kwa dakika chache. Mkiwa mmeketi, chezesha nyayo juu na chini, na unywe maji ya kutosha.

ARUBAINI NI DAWA

Sasa umefika nyumbani. Hapa wazee wetu walitangulia hospitali. Mila ya mzazi kukaa ndani siku arubaini, ambazo Wasomali huziita afartan, inakaribiana sana na zile wiki sita za daktari. Wiki sita ni siku 42. Mzazi hupikiwa, huoshewa nguo, huletewa maji, na hatarajiwi kumhudumia mume. Ukiitazama kwa jicho la daktari, huu ni mpango wa kupona uliokamilika, na usiogharimu ada ya hospitali.

Tatizo ni kwamba mpango huu mara nyingi huwa kamili kwa mtoto wa kwanza, nusu kwa wa tatu, na kwa wa sita mama huachwa ajitegemee. Na kwa aliyepasuliwa kidole tumbo au ngiri, hakuna arubaini kabisa. Mwanamume hurudi kwa mifugo yake baada ya wiki moja, na huko atavuta kamba ya ngamia au kuinua ndama.

Ushauri wetu ni kwamba arubaini itolewe kwa kila aliyefunguliwa tumbo, awe mwanamke au mwanamume, mzazi au si mzazi. Aidha, kazi zigawanywe kwa majina tangu siku ya kwanza. Fulani atateka maji. Fulani atatafuta kuni. Fulani atapika. Kazi isiyo na mwenyewe humrudia mgonjwa.

Je, mgonjwa abebe nini? Kanuni ni rahisi: usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako mchanga. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na zaidi, na hata wa lita tano ukiwa umejaa una kilo tano. Mtoto wa miaka miwili naye ni mzigo; badala ya kumwinua, keti chini umwite aje mapajani. Kama familia inahama na mifugo, mgonjwa asiinue miti ya nyumba wala kumpakia ngamia. Ikiwezekana, abaki kituoni pamoja na jamaa mmoja hadi wiki sita ziishe.

KULALA, KUAMKA NA KUTEMBEA

Hata hivyo, kukaa arubaini si kulala arubaini. Hapa ndipo mila inapohitaji kurekebishwa kidogo. Mtu anayelala mchana na usiku damu yake huzubaa miguuni, mapafu hujaa makohozi, na matumbo husahau kazi yake. Tangu siku ya kwanza baada ya upasuaji unatakiwa kusimama. Ukiwa nyumbani, tembea ndani ya boma mara nne au tano kwa siku, dakika chache kila mara, asubuhi na jioni wakati jua si kali. Kila siku ongeza kidogo. Ukihisi tumbo linavuta, punguza, usiache.

Kuamka kutoka kwenye mkeka ni kazi ngumu kuliko kuamka kutoka kitandani. Usijiinue kwa kukaza tumbo. Kunja magoti, jigeuze ubavu, sukuma ardhi kwa mikono hadi uketi, kisha piga goti moja na umshike mtu mkono usimame. Kama kuna kitanda hata cha kamba, mgonjwa apewe yeye kwa wiki hizo za kwanza. Vivyo hivyo chooni: kuchutama humkaza mtu tumbo, kwa hiyo pawe na kigingi au ukuta wa kushika.

Unapotaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, kunja shuka au mtandio, uukandamize juu ya mshono kwa viganja viwili. Maumivu yatapungua na mshono utakuwa na kitu cha kuushikilia. Vuta pumzi ndefu mara kumi kila baada ya saa chache; hii ni kinga dhidi ya homa ya mapafu.

Mama anayenyonyesha asimlaze mtoto juu ya kidonda. Mnyonyeshe ukiwa umelala ubavu, au umpakate mtoto chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni mwako.

Na ibada? Mwenye damu ya uzazi anajua hukumu yake. Mgonjwa mwingine anaweza kuswali ameketi, na kama kidonda hakiruhusiwi maji kuna tayamamu. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Ukiwa na shaka, muulize sheikh, lakini mweleze pia alivyosema daktari.

MSHONO HAUTAKI DAWA NYINGI

Huenda hapa ndipo makosa mengi hufanyika, tena kwa nia njema. Jirani ataleta manemane, ile malmal inayookotwa kwenye miti ya nyika yetu, aisage na kuitia kwenye kidonda. Mwingine ataleta samli, asali, majivu au majani. Mwingine atasugua kwa maji ya chumvi, au kwa dawa kali ya kuua viini iliyonunuliwa dukani.

Tunaheshimu elimu ya wazee, na manemane ina historia ndefu katika tiba. Lakini kidonda cha upasuaji si kama mkwaruzo wa mwiba. Ni mlango uliofungwa ambao nyuma yake kuna chumba safi. Unga wowote uliookotwa mchangani na kusagwa kwenye kinu unaweza kubeba viini na kuvipitisha kati ya nyuzi. Kwa hiyo mshono usitiwe kitu chochote ambacho hakikuandikwa na daktari.

Unachohitaji ni mambo matatu tu: usafi, ukavu na hewa. Anayeushughulikia mshono anawe mikono kwanza kwa sabuni na maji. Kwa kawaida baada ya saa 48 mgonjwa anaweza kuoga kwa kujimwagia, ikiwa daktari hajasema vinginevyo. Acha maji yatiririke juu ya mshono bila kusugua, kisha ukaushe kwa kubonyeza kitambaa safi kilichooshwa na kuanikwa juani. Usiloweke mwili kwenye beseni wala kuoga bwawani.

Najua utasema: maji yenyewe yako wapi? Kama maji ni ya bwawa au ya lori, yachemshe yapoe, au yatie dawa ya maji, na yatenge kwenye chombo chenye kifuniko kwa ajili ya mgonjwa. Jagi moja la maji safi kwa mshono ni bora kuliko ndoo nzima ya maji ya tope. Ikikosekana kabisa, mshono mkavu uliofunikwa waweza kukaa bila kuoshwa kwa siku hiyo. Jasho linaweza kupanguswa sehemu nyingine za mwili.

Mwenye tumbo lililokunjamana juu ya mshono alale chali mara kadhaa kwa siku, ainue mkunjo ule ili hewa ipite. Joto na jasho vikikutana chini ya ngozi iliyokunjika, viini hustawi. Nzi nao wasikaribie. Chandarua husaidia mchana kama kinavyosaidia usiku. Na ule moshi wa ubani na uunsi, uwekwe nje. Humkohoza mgonjwa na kumwumiza mtoto mchanga kifua.

MKAJA: UFUNGWE VIPI?

Kufunga tumbo baada ya uzazi ni desturi ya tangu Pwani hadi Mandera. Mkaja una faida yake: hulishikilia tumbo, hupunguza maumivu wakati wa kutembea, na humpa mgonjwa ujasiri. Lakini haurudishi misuli kwa nguvu, na wala hauyeyushi mafuta.

Ukifunga, tumia kitambaa laini cha pamba, kipana, juu ya kipande safi kinachofunika mshono. Kidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi bila shida. Ukishindwa kuvuta pumzi ndefu, au miguu ikianza kuvimba, umekaza kupita kiasi. Ufungue unapolala, ubadilishe kila siku, na usiufunge kabisa ikiwa mshono unatoa majimaji.

CHAKULA NA CHOO

Kidonda hujengwa kwa chakula. Supu ya mbuzi, nyama, maini, mayai, maharagwe na maziwa ndivyo vinavyojenga nyama mpya. Katika hili nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki hazina upungufu wa ujuzi. Yafaa kuongeza tu mambo manne.

Kwanza, maziwa, yawe ya ngamia, ya mbuzi au ya ng'ombe, yachemshwe. Maziwa mabichi huweza kuleta homa ya bruselosi, ugonjwa unaofahamika sana kwa wafugaji wetu, na homa hiyo ikija wakati wa kidonda hata daktari atachanganyikiwa. Pili, tafuta matunda na mboga kila inapowezekana: papai, ndimu, tikiti maji, ndizi, nyanya, sukuma wiki. Tatu, chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Subiri saa moja au mbili.

Nne, choo. Nyama, anjera na nyirinyiri bila maji ya kutosha hufunga choo, na dawa kali za maumivu huzidisha. Kujikamua chooni ni sawa na kuinua mzigo. Kunywa maji mara kwa mara hata kama huna kiu, hasa katika joto letu, kula tende na papai, na tembea. Ikipita siku ya tatu bila choo, muulize mhudumu wa afya dawa ya kulainisha. Usimeze dawa kali za kuharisha.

Kuhusu miraa na sigara hatutazunguka. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda kisichopata damu hakifungi. Miraa huondoa hamu ya kula, hufunga choo, na humfanya mtu asihisi uchovu wake hadi amekwisha kujiumiza. Viache kwa wiki hizi sita, ukiweza, usivirudie.

MAUMIVU NA DAWA

Kuvumilia maumivu si ushujaa. Anayeumwa hatembei, hakohoi, hapumui vizuri. Na asiyetembea hupata yale tuliyoyataja. Dawa ya kawaida ni parasetamoli. Mtu mzima hutumia vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na asizidishe vidonge vinane kwa siku. Wengine huongezewa ibuprofeni, ambayo humezwa baada ya chakula, na haimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Zote mbili kwa kawaida hazimdhuru mtoto anayenyonya.

Dawa za kuua viini umalize kama ulivyoandikiwa. Usimpe jirani nusu, wala usinunue nyingine dukani kwa kuwa kidonda kinawasha. Kuwasha kidogo bila wekundu wala usaha ni dalili ya kupona.

ALIYEPUNGUZWA TUMBO

Sasa tuwageukie wale waliofanyiwa upasuaji kwa ajili ya urembo. Baada ya mimba kadhaa misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana, na ngozi hulegea. Daktari hukata ngozi iliyozidi kutoka nyonga hadi nyonga, na mara nyingi huirudisha misuli ile pamoja kwa nyuzi. Ni upasuaji mkubwa, hata kama hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Mgonjwa huyu anahitaji yote tuliyosema, na zaidi. Wiki ya kwanza atatembea ameinama kidogo ili ngozi isivutwe, na atalala mgongo na magoti vikiwa vimeinuliwa kwa mito. Huenda akawa na mipira midogo ya kutoa majimaji. Ipimwe na kuandikwa kila siku, na haitolewi nyumbani. Vazi la kubana alilopewa alivae kama alivyoagizwa, mara nyingi kwa wiki sita hivi. Uvimbe na ganzi ya ngozi huweza kuchukua miezi mingi kuisha, kwa hiyo asijipime mbele ya kioo katika mwezi wa kwanza na kulia.

La muhimu zaidi, asipande gari la kurudi Kutulo siku ya tatu kwa sababu pesa za malazi zimekwisha. Gharama za kukaa karibu na daktari hadi mipira itolewe na mshono ukaguliwe ni sehemu ya gharama za upasuaji. Asiyeweza kuzilipa, bado hajawa tayari kupasuliwa. Tena asiifiche familia. Aliyepasuliwa kwa siri hana wa kumtekea maji. Mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi kufuatia upasuaji wa kuondoa mafuta, na baraza linalosimamia madaktari nchini likaifunga kliniki iliyohusika. Hakikisha daktari wako amesajiliwa na baraza hilo, na kwamba ni mtaalamu wa kazi hiyo.

Na wewe unayefikiria tu jambo hili: kama umejifungua juzi, subiri. Tumbo huendelea kurudi kwa miezi sita na zaidi bila kisu. Na kama bado unatarajia kuzaa, mimba ijayo yaweza kuilegeza tena kazi yote.

DALILI ZA HATARI

Kata sehemu hii uibandike ukutani. Ukiona lolote kati ya haya, usingoje kesho:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi na kutetemeka.
- Mshono kuwa mwekundu, moto, kuvimba, kutoa usaha au harufu.
- Mshono kufunguka. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, usirudishe kitu ndani, usile, na uondoke mara moja.
- Damu ya uzazi inayolowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, au yenye mabonge makubwa au harufu mbaya.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu.
- Kupumua kwa shida, kifua kuuma, au kukohoa damu.
- Kutapika mfululizo huku tumbo limejaa, bila choo wala upepo.
- Mkojo kuzuia au kuchoma.
- Kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au kifafa.
- Huzuni isiyoisha, kutolala, au mama kumkataa mtoto.

Mnunue kipimajoto, ni kifaa kidogo. Aidha, mjue mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa namna hiyo nchini kote, wakiwa na mikoba yenye kipimajoto na mashine ya kupima shinikizo la damu. Mwombe aje wiki ya kwanza. Na hata kama hakuna dalili yoyote, mzazi aonwe na muuguzi kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Pesa za gari la dharura ziwekwe kando tangu siku ya kurudi nyumbani, na namba ya dereva iandikwe.

BAADA YA ARUBAINI

Siku ya arubaini inapotimia na mama anatoka nje, mambo mawili yamebaki.

La kwanza ni mimba ijayo. Kujifungua kwa upasuaji hakumalizi uzazi, kama wengi wanavyohofu, na hofu hiyo imewafanya baadhi ya wazee kukataa kutia sahihi hadi muda umepita. Lakini kovu la mji wa mimba linahitaji muda. Shirika la Afya Duniani hushauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mume na mke wazungumze na muuguzi mapema kuhusu njia ya kupanga nafasi, kwa kuwa mimba yaweza kushika hata kabla hedhi haijarudi.

La pili ni mahali pa kuzalia. Mama mwenye kovu la upasuaji asijifungue tena nyumbani, hata kama mkunga ni hodari namna gani. Kovu likipasuka wakati wa uchungu, mama na mtoto wana dakika, si masaa. Asogee karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji wiki chache kabla ya siku zake.

Msomaji, huenda wewe hujapasuliwa. Huenda ni mume, au ni mama mkwe, au ni jirani uliyekuja kula nyama ya mbuzi yule. Basi makala haya ni yako zaidi kuliko ya mgonjwa. Yeye tayari anajua kuwa anaumwa. Kesho asubuhi, kabla hujamuuliza kama amepona, uchukue ule mtungi wa lita 20 ulio mlangoni mwake, uende ukaujaze mwenyewe.